Utando wa kuotesha mfupa kabla ya jino la kupandikiza: mnayoniuliza kila siku

Dada mmoja kaniandikia hivi: "Dakta wa meno kasema mfupa wa taya langu umepungua, anataka kuweka punje za mfupa na utando kwanza, jino la kupandikiza baadaye. Huo utando ni kitu gani?" Si yeye tu, wengi mnauliza hili, basi nawajibu wote hapa.

Swali: Nimeng'oa jino tu, mfupa unapunguaje?
Jibu: Mfupa unaoshika jino upo kwa ajili ya jino, jino likitoka mwili unaanza kuupunguza. Upana wa taya pale penye pengo unaweza kupungua karibu nusu ndani ya miezi 12, na sehemu kubwa inaondoka miezi 3 ya mwanzo. Ndo maana mtu kakaa na pengo miaka 7 akija anaambiwa skrubu ya jino la kupandikiza haina pa kushika.

Swali: Sasa utando unafanya nini?
Jibu: Hapa ndo nataka mnisikilize vizuri. Fizi inapona haraka, siku chache tu seli zake zishasambaa, ila mfupa unataka miezi, kwa hiyo shimo likiachwa hivihivi fizi inawahi kuingia na mfupa ukija unakuta chumba kina mpangaji. Utando ni ukuta, unalazwa juu ya zile punje, fizi inabaki nje na huku ndani damu inaganda na seli za mfupa zinatambaa taratibu kutoka kwenye taya lenyewe. Mwaka 1982 Sture Nyman na wenzake huko Sweden waliripoti walivyomwekea mgonjwa karatasi ya chujio ya maabara kati ya fizi na jino, na nyuzi mpya za kushika jino zikaota, yaani chujio la maabara tu! Baadaye zikaja tando za PTFE, jamii ya ile plastiki ya sufuria zisizogandisha, hizi haziyeyuki, lazima ufunguliwe tena zitolewe, alafu fizi ikiachia kabla ya wakati bakteria wanapenya. Ndo maana siku hizi wengi wanatumia za kolajeni, yaani protini inayotoka kwenye mwili wa mnyama, zinayeyuka zenyewe, nyingine wiki kadhaa nyingine miezi.

Swali: Mimi Muislamu, hiyo kolajeni inatoka kwa mnyama gani?
Jibu: Uliza kabla hujakaa kwenye kiti, na usione aibu. Nyingi ni za nguruwe, mfano Bio-Gide ya Uswisi ambayo inatumika sana, nyingine za ng'ombe. Punje za mfupa mara nyingi ni za ng'ombe. Hukumu yake kamuulize shekhe wako, mimi siwezi kukutolea fatwa, ila una haki ya kujua kinachoingia mwilini mwako na daktari anatakiwa akwambie. Kuna njia nyingine pia: Mfaransa Joseph Choukroun alikuja na utando wa damu ya mgonjwa mwenyewe, damu inavutwa mkononi, inazungushwa kwenye mashine bila dawa ya kuzuia kuganda, linatoka donge wanalikandamiza linakuwa utando. Unasaidia kidonda kupona, ila ndani ya wiki kama 2 umeshayeyuka, kwa hiyo pengo kubwa peke yake hautoshi.

Swali: Na implanti zenyewe, yaani vile vyuma vinavyopandikizwa mwilini, zinapakwa nini?
Jibu: Za meno nyingi ni chuma cha titani, uso wake unakwaruzwa makusudi ili mfupa ushike. Vyuma vya nyonga baadhi vinapakwa haidroksiapataiti, madini ya kalisiamu na fosfeti yanayofanana na ya mfupa wenyewe, mfupa unaota mpaka unagusana na chuma.

Swali: Mdogo wangu kapata ajali ya bodaboda, kipande cha mfupa wa mguu hakipo, utando huu utamfaa?
Jibu: Huu wa meno hapana, ila kuna njia ya daktari Mfaransa anaitwa Masquelet, mimi inanigusa sana. Wanasafisha, wanajaza pengo kwa saruji ya mfupa, mara nyingi ina antibayotiki, wanasubiri wiki 6 mpaka 8, mwili wenyewe unatengeneza utando wenye mishipa ya damu kuizunguka. Alafu wanaitoa saruji na kujaza mfupa uliochotwa nyongani mwake, ukaotea humo. Muulizeni daktari wake wa mifupa kama jeraha lake linafaa.

Swali: Nikishawekewa nijilinde vipi?
Jibu: Sigara na shisha acha kabisa, zinabana mishipa midogo ya damu na fizi inaachia. Kama una kisukari, sukari ishuke kwanza ndo ufanyiwe. Usivute mdomo kila saa kuchungulia kwenye kioo, unafumua nyuzi za mshono, na meno ya bandia ya kuvaa usivae pale mpaka uruhusiwe. Kuvimba siku 2 au 3 ni kawaida, ila uvimbe ukizidi baada ya hapo, au usaha, harufu, au ukiona kitu cheupe kinachungulia kwenye fizi, rudi siku hiyohiyo, usisubiri tarehe ya kadi.