Dawa za kufungiwa kabatini na zisizofungiwa: maelezo ya muuguzi wa shule ya bweni

Siku ya kuripoti, kabla mwanafunzi hajaenda bwenini, sanduku lake hupita mezani kwangu. Wazazi wengi hudhani natafuta simu, kumbe natafuta vidonge. Nimevikuta ndani ya soksi, ndani ya mkebe wa hisabati, vimeviringishwa kwenye karatasi ya daftari bila jina la dawa, na mara moja kwenye kopo la mafuta ya kujipaka lililooshwa na kukaushwa vizuri kabisa. Mama aliyevitia humo hakuwa na nia mbaya. Alitaka mwanawe akiumwa usiku asihangaike.

Tatizo ni kwamba bwenini kidonge hakikai na mwenyewe. Mwenzake akisema kichwa kinamgonga, anagaiwa viwili. Nimewahi kumpokea binti aliyemeza parasetamoli mara tatu kati ya jioni na saa sita usiku, kutoka kwa marafiki watatu, kila mmoja akidhani ndiye wa kwanza kumsaidia. Mmoja wao alimpa dawa ya mafua, ambayo nayo ndani yake ina parasetamoli. Kwa mtu mzima kikomo ni gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na kati ya dozi na dozi zipite angalau saa 4. Mtoto hupimiwa kwa umri na uzito, kwa hiyo kikomo chake kinaweza kuwa chini sana ya hapo. Aliyezidisha anaweza kuamka kesho yake ana kichefuchefu tu, akaenda hadi darasani, huku ini linaharibika. Dalili nzito huja siku ya pili au ya tatu. Hospitali ipo dawa ya kuzuia madhara hayo, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 8. Ndiyo maana mwanafunzi wa namna hiyo hatumlazi tukasubiri kuona hali. Anapelekwa usiku huohuo, na hagombezwi njiani, kwa sababu akigombezwa atapunguza idadi ya vidonge anapomhesabia daktari.

Basi kanuni yetu ya kwanza inatokana na hapo. Dawa yoyote, hata ya kikohozi, inakabidhiwa zahanati ikiwa kwenye pakiti yake ya asili yenye jina la mwanafunzi, pamoja na maelezo ya daktari: kipimo, saa na siku ya kumaliza. Kila inapotolewa naandika daftarini jina, dawa, kiasi na saa, kisha naweka sahihi. Aspirini sipokei kwa aliye chini ya miaka 16 isipokuwa daktari ameiagiza, kwa kuwa kwa watoto wenye homa ya virusi inahusishwa na ugonjwa hatari wa ubongo na ini. Ibuprofeni nayo naiulizia kwanza, maana kuna wenye pumu ambao huwabana kifua.

Hapo wazazi wengi hunielewa. Wanaonipa kazi zaidi ni wenzangu wenye funguo.

Kuna shule niliwahi kufanya kazi ambako kanuni ya kukabidhi dawa ilishikwa kikamilifu, hadi pampu za pumu zikafungiwa. Saa nane usiku mvulana akabanwa. Ufunguo ulikuwa kwa matroni, matroni alikuwa jengo la pili, na mlinzi hakujua mlango wake ni upi. Kijana alipona, lakini nilipofika midomo yake ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Tangu siku ile nasema wazi: dawa inayookoa ndani ya dakika chache haifungiwi. Pampu ya kufungua kifua, mara nyingi ya bluu, inakaa na mwanafunzi mfukoni mchana na chini ya mto usiku. Kwangu inabaki ya akiba. Akibanwa, akalishwe wima, avute mpulizo mmoja kila baada ya sekunde 30 hadi 60, mpaka 10. Asipopata nafuu, au akizidiwa kabla ya hapo, ni hospitali. Sindano ya adrenalini ya mwenye mzio mkali nayo iwe karibu naye, na walimu wake wajue kwamba inachomwa pajani, kwa nje.

Vivyo hivyo kwa mwenye kisukari. Insulini ambayo haijafunguliwa naitunza kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, nayo ikiganda hutupwa. Lakini vidonge vyake vya glukosi au juisi yake havihitaji ruhusa ya mtu. Sukari ikishuka chini ya 4 kwenye kipimo cha milimoli, anahitaji kama gramu 15 za sukari ya haraka, apimwe tena baada ya dakika 15. Mwalimu anayemwona anatetemeka na kutoka jasho, kisha akamwambia “nenda zahanati” peke yake, anamtuma mtu anayeweza kuanguka njiani. Mimi ndiye niitwe niende.

Wenye dawa za kila siku, iwe ya kifafa, ya selimundu au ya kufubaza virusi, wana shida nyingine: macho ya wenzao. Zamani tulikuwa tunasoma majina yao mstarini. Kwa wiki moja tu bweni zima lilikuwa limeshajua nani anameza nini, na wawili wakaacha kuja. Mmoja alianza tena kuanguka kifafa. Sasa hatusomi jina la mtu. Kila mmoja huja saa yake, mlango unafungwa, na daftari lao halikai mezani. Mwalimu wa darasa anaambiwa kile tu anachohitaji ili kumsaidia, kama vile la kufanya mtu akianguka: mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, tazama saa, na zikipita dakika 5 piga simu.

Zahanati ina saa zake za kufunguliwa, lakini kuna mambo yasiyosubiri asubuhi, na orodha yake nimeibandika kwenye mlango wa kila bweni. Imo homa yenye shingo kukakamaa. Imo kupumua kwa shida. Yamo pia maumivu makali ya ghafla ya korodani, ambayo wavulana huyaficha kwa aibu. Ikiwa korodani imejisokota, nafasi ya kuiokoa ni nzuri ndani ya takriban saa 6 na hupungua haraka baada ya hapo. Patroni anayemwambia kijana wa namna hiyo alale kwanza amekwisha kuzitumia zote.

Muhula ukiisha, dawa iliyobaki namrudishia mzazi mkononi, simpi mtoto. Iliyopita muda wake inapelekwa famasi, haitupwi jalalani.

Na mnapojaza fomu ya afya, andikeni mzio, dawa zote, na upasuaji wowote uliopita. Namba ya simu iwe ya mtu anayepokea usiku. Ile ya baba anayezima saa tatu, iandikeni ya pili.