Kwa nini mswada mzuri huachwa nje ya tamasha la tamthilia fupi

Mswada unaweza kusifiwa na wasomaji wote wa jopo na bado ukaachwa nje ya tamasha. Kazi yangu ni kusoma na kuchagua miswada ya matamasha ya tamthilia fupi za waandishi wa eneo husika, na swali la "mbona wangu haukupita?" huniandama kila msimu. Mara nyingi jibu halihusu ubora. Hatuchagui tamthilia mojamoja. Tunachagua onyesho zima la jioni.

Piga hesabu. Tamthilia 8 za dakika 10 kila moja ni dakika 80. Ukiondoa mapumziko, jukwaa litapangwa upya mara 6 watazamaji wakiwa wamekaa. Kila mara ikila dakika 3, watu wamekaa gizani dakika 18 wakisikiliza viti vikiburutwa. Ikila sekunde 40, ni dakika 4 tu. Ndiyo maana mswada unaodai kitanda, jiko na mlango wa kufungwa kwa ufunguo huanza ukiwa na deni. Kwa kawaida tunakuwa na meza, viti vichache na masanduku ya mbao ambayo kila mwongozaji huyageuza atakavyo. Taa nazo hupangwa mara moja kwa ajili ya wote, kisha kila kundi hupewa muda mfupi wa kuongezea lake.

Halafu kuna ujirani. Miswada mitatu bora ikiwa yote ni ya wapenzi wawili wanaoachana mezani, utaingia mmoja. Na hiyo mitatu haikosi, kwa sababu watu wawili na meza ndiyo njia nyepesi ya kutii masharti yetu. Mchezo unaomwaga maji au unga huwekwa mwisho kabla ya mapumziko, sakafu ipate kupanguswa. Mwigizaji aliye katika michezo miwili hapewi inayofuatana ikiwa ana maleba ya kubadili. Kichekesho kikifuata kichekesho, cha pili hufa, hata kama ndicho kikali zaidi.

Kipimo cha dakika 10 kilipata nguvu Marekani kupitia Actors Theatre of Louisville, ambayo chini ya Jon Jory ilianzisha tamasha lake la tamthilia mpya mwaka 1976. Lakini mchezo mfupi umekuwa mlango wa waandishi wa mahali tangu zamani zaidi. Abbey Theatre ya Dublin ilifunguliwa Desemba 1904 kwa michezo mifupi, ikiwamo ya W. B. Yeats na Lady Gregory. Kiangazi cha 1916 huko Provincetown, Massachusetts, kikundi cha waandishi na wasanii kiliigiza katika banda la gatini mchezo wa kwanza wa Eugene O'Neill kupanda jukwaani, kisha "Trifles" wa Susan Glaspell.

Huo wa Glaspell mimi huwapa waandishi wapya kama somo. Mume ameshauawa kabla taa hazijawaka. Mke anayeshukiwa haonekani hata mara moja. Tunachoona ni wanawake wawili jikoni kwa marehemu, wakitambua ushahidi ambao wanaume waliokuja kuchunguza wanaupita kama upuuzi, na wakilazimika kuamua waufiche au la. Ndoa, mauaji na kesi vyote vimebaki nje.

Miswada mingi hukwama hapo hapo. Mwandishi huikata hadithi ya saa mbili mpaka ibaki kurasa 10, na 4 za kwanza ni watu kukumbushana mambo wanayoyajua. Mimi hutafuta ukurasa ambapo mtu anataka jambo kwa mwenzake, naye anakataa. Ukiwa wa tano, nampendekezea mwandishi aanzie hapo. Pia asiamini sana kanuni ya ukurasa mmoja kwa dakika moja: mabishano hukimbia, ukimya hula muda. Usome mchezo kwa sauti, huku umesimama na saa mkononi.

Waandishi wa eneo si lazima waandike kuhusu eneo lao, ingawa wengi hudhani hivyo na kutujazia majina ya mitaa. Faida yao kubwa ni kwamba wanaweza kufika mazoezini. Mwigizaji akijikwaa kwenye mstari uleule kila mara, mwandishi anaukata papo hapo. Weka tu tarehe ya mwisho ya kubadili maneno, la sivyo waigizaji watakuchukia, na watakuwa na haki.

Nisichokipenda ni kura za watazamaji. Mchezo wa waigizaji 7 huleta jamaa wa watu 7, na ule wa mtu mmoja umeshindwa kabla haujaanza. Kama waandaaji hawawezi kuziacha, basi kila mtazamaji achague michezo miwili, na kura yenye mmoja tu isihesabiwe. Aliyekuja kwa ajili ya dada yake atalazimika kuutazama na mwingine.