Msitu hauna ndege? Dhana potofu za watazamaji na wapiga picha, na ukweli wake

"Huu msitu hauna ndege." Kauli hiyo hutolewa zaidi saa tano asubuhi, na watu wanne watano wanaotembea kwa mstari, soga zimenoga. Ndege wapo. Wamewasikia wakija tangu kona ya njia, wakapanda juu au wakanyamaza vichakani, na wataendelea na shughuli zao wageni wakishapita. Mengi tunayoambiana kuhusu kutazama ndege msituni, kuanzia vifaa hadi mavazi, yanatokana na kudhani kwamba ndege ni wa kufuatwa. Nimezikusanya hapa dhana ninazozisikia mara kwa mara. Baadhi zina chembe ya ukweli, nyingine hazina hata hiyo, na moja au mbili zinaua vifaranga.

"Ukikosa alfajiri, umekosa siku"

Ni kweli nusu. Alfajiri hewa imetulia na sauti hufika mbali, madume wanatangaza himaya zao, na ndege aliyelala na njaa ana haraka ya kula. Ni saa ya masikio. Kwa kamera, ndani ya msitu mnene bado ni giza.

Baadaye kidogo, jua likishapasha majani na wadudu kuanza kutembea, ndipo hupita makundi mchanganyiko: ndege wa spishi mbalimbali wanaosafiri pamoja, huyu akichokoa kwenye gome, yule akipekua majani, mwingine akinasa hewani kile wenzake walichokikurupusha. Unaweza kukaa nusu saa bila kuona unyoya, kisha mti mmoja ukajaa ghafla. Tai na mwewe nao hungoja hewa ya joto inayopanda ili waelee bila kuchoka, kwa hiyo saa nne huwafaa kuliko saa kumi na mbili. Mchana wa jua kali ndio huzorota kweli, na hata hapo ukiketi karibu na dimbwi utawaona wakishuka kunywa na kuoga.

"Darubini yenye nguvu zaidi ndiyo bora"

Tazama namba mbili zilizoandikwa kwenye darubini, tuseme 8x42. Ya kwanza ni mara ngapi kitu kinakuzwa. Ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, utapata upana wa duara la mwanga linalofika jichoni. 8x42 inatoa milimita 5.25. Ile ndogo ya mfukoni, 10x25, inatoa 2.5 tu. Uwandani kwenye jua huoni tofauti, kwa sababu mboni yako yenyewe imejibana. Chini ya miti mboni hupanuka, na ile ndogo hukupa picha ya kizakiza.

Ukuzaji mkubwa una gharama nyingine mbili: hukuza pia mtetemo wa mkono, na huminya eneo unaloliona. Chozi anayerukaruka kati ya maua mita nane kutoka ulipo, ukimtafuta kwa 12x utaambulia majani. Ndiyo maana kwa msituni wazoefu wengi huchagua 8x. Kosa la mwanzo kabisa ni kuinua darubini kwanza halafu kuanza kutafuta. Mkazie ndege macho, kisha lete darubini machoni bila kuhamisha macho wala kichwa. Ni jambo la dakika kumi za mazoezi, na lina faida kuliko kubadilisha darubini.

"Bila lenzi ndefu ya bei mbaya, usijisumbue kupiga picha"

Lenzi ya milimita 500 au 600 inasaidia, nani abishe. Lakini msituni adui wa kwanza ni giza na wa pili ni matawi. Umbali unakuja wa tatu. Lenzi nyingi ndefu za bei nafuu, ukizivuta hadi mwisho, hufunguka f/6.3 tu (namba hii ikiwa ndogo, tundu la kupitisha mwanga ni pana zaidi). Lenzi fupi ya f/4 hupitisha mwanga zaidi ya mara mbili ya hiyo. Mtu aliyetulia karibu na mti wenye matunda mabivu hutoka na picha nzuri kwa milimita 300, huku mwenye mzinga wa lenzi akikimbizana na mikia inayoondoka.

Kinachowaangusha wengi ni kuamini kile kitulizaji cha mtetemo kilichomo ndani ya lenzi. Kinatuliza mkono wako, ndege hakimhusu. Ndege mdogo hata akiwa ametua hageuzi kichwa polepole, hukitupa. Kwa aliyetua anza na kasi ya kamera ya 1/500 ya sekunde. Anayeruka anataka 1/2000 au zaidi. Ili ufike huko kwenye kivuli, ISO, yaani kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga, itapanda hadi 3200 au 6400, na hapo watu huogopa chenga, vile vitone vitone vinavyochafua picha. Chenga hupunguzwa baadaye kwenye kompyuta. Picha iliyotikisika haina dawa.

Tena kamera haijui kama ndege ni mweusi au mweupe, inapima wastani wa mwanga ulio mbele yake tu. Ndege aliye kileleni, mbingu nyeupe nyuma yake, hutoka kivuli cheusi hata angekuwa na rangi saba: ongeza mwangaza kwenye kamera kwa +1, wakati mwingine +2. Yangeyange mbele ya kichaka cheusi huungua manyoya yote yakawa karatasi tupu: punguza.

"Vaa madoadoa ya kijeshi usionekane"

Utaonekana tu. Ndege wengi wana aina nne za seli za kutambua rangi jichoni, sisi tatu, na wengi huona hata miali ya urujuanimno ambayo kwetu haipo kabisa. Kinachowashtua hasa ni mwendo wa ghafla, kelele, na mtu anayewaendea moja kwa moja akiwakazia macho. Nguo ya kahawia au kijani iliyofifia inatosha. Nyeupe iache nyumbani. Ukitaka kusogea, pita kimshazari kana kwamba una safari zako, simama, ngoja arudie kula, kisha sogea tena. Na hayo madoadoa yana tatizo jingine: katika nchi kadhaa ni kosa la jinai raia kuvaa nguo zinazofanana na za jeshi.

"Mtambue kwa rangi"

Kitabu hufunguliwa, mtu anatafuta "yule wa bluu". Tatizo ni kwamba bluu ya ndege kwa kawaida haitokani na rangi iliyomo kwenye unyoya, inatokana na jinsi umbo dogo mno la ndani ya unyoya linavyotawanya mwanga. Kwezi anayemeremeta bluu juani ni mweusi ti akiingia kivulini, na picha mbili za ndege huyohuyo zilizopigwa sekunde moja kati yake zinaweza kuonekana za ndege wawili. Shorobo ni wa kipekee hapa: wekundu wa mabawa yake na kijani cha mwili wake ni rangi halisi, na ule wekundu una madini ya shaba ndani yake.

Anza na umbo la mdomo, ukubwa ukilinganisha na ndege unayemfahamu, urefu wa mkia, na anachofanya. Anatembea juu ya shina kwa kujiegemeza na mkia? Anarudi kwenye tawi lilelile kila baada ya kunasa mdudu? Hayo hayabadiliki na mwanga.

Kwa sababu hiyohiyo, usifute picha mbovu haraka. Picha yenye ukungu inayoonyesha umbo la mdomo na mstari wa bawani ni ushahidi. Ile iliyonolewa kwa programu ya akili mnemba, yenye unyoya mmoja mmoja uliochongwa, huenda imejazwa mistari ambayo kamera haikuiona kabisa, na hiyo hainishawishi hata kidogo.

"Dume ndiye anayeimba"

Dhana hii ilienea kwa sababu utafiti mwingi wa zamani ulifanyika Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ambako mara nyingi ni hivyo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta majike wanaimba katika asilimia 71 ya spishi za ndege waimbaji zilizochunguzwa. Msikilize tiva kichakani: milio miwili mitatu kama ya filimbi, kisha jibu la kukwaruza linalofuata papo hapo. Wengi huapa kwamba ni ndege mmoja. Ni wawili, dume na jike, kila mmoja na sehemu yake, na ukisimama katikati yao utasikia wimbo ukitoka pande mbili.

"Simu imesema ni yeye, basi ni yeye"

Programu za kutambua sauti zimesaidia watu wengi, na sioni haya kuzisifia. Lakini hupendekeza tu; kuthibitisha ni kazi yako. Mramba, yule mweusi mwenye mkia uliogawanyika, huiga milio ya tahadhari ya ndege na wanyama wengine. Katika jangwa la Kalahari watafiti wamemrekodi akitoa king'ora cha uongo ili wenzake wakimbie, naye ashuke kuchukua chakula walichokiacha. Kama anawadanganya wanaoishi naye kila siku, simu yako ni nini?

"Kumwita kwa sauti iliyorekodiwa hakuna ubaya, si anakuja mwenyewe?"

Anakuja kupigana. Dume akisikia wimbo wa spishi yake ndani ya himaya yake, anaelewa kwamba kuna mvamizi. Anaacha kula, anaacha kulinda jike na kiota, anajitokeza wazi ambako mwewe naye anamwona. Mara moja kwa sekunde chache pengine haitamdhuru. Tatizo ni pale ndege maarufu karibu na njia anapochezewa wimbo huo na kila kikundi kinachopita, msimu mzima. Hifadhi kadhaa zimepiga marufuku jambo hili, na ningependa zingine zifuate. Hata pasipo marufuku, usilifanye msimu wa kuzaliana wala kwa spishi iliyo adimu.

"Kifaranga akiguswa, mama anamkataa"

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na madhara yake yamejificha. Ndege mzazi hamtupi mtoto kwa sababu ya harufu ya mkono wa mtu. Kifaranga asiye na manyoya aliyeanguka, ukikiona kiota na kukifikia, mrudishe. Mwenye manyoya anayerukaruka chini, mkia mfupi, huyo kwa kawaida hajapotea: ameondoka kiotani kabla hajajua kuruka vizuri, na wazazi wanamletea chakula hapohapo. Kumwokoa ni kumteka. Kama yuko njiani, msogeze kichakani kando, ondoka.

Madhara ninayosema ni haya: mtu aliyeshikilia imani hii hujiona mwema akikaa mita mbili kutoka kiotani bila kugusa chochote. Kumbe ule ukaribu wenyewe ndio unaodhuru. Mzazi anaogopa kurudi, mayai yanapoa, au jua linawapiga vifaranga wasio na manyoya. Njia uliyoikanyaga kwenye majani humwelekeza mwindaji. Na wapo wapiga picha wanaokata vijitawi viwili vitatu "kufungua" picha; vijitawi hivyo ndivyo vilivyokuwa paa na ukuta.

Mfikirie hondohondo. Katika spishi nyingi jike huingia kwenye shimo la mti, mlango ukazibwa kwa udongo na kinyesi, ukabaki ufa mwembamba wa kupitisha ncha ya mdomo. Kwa hondohondo wakubwa, jike anaweza kukaa humo zaidi ya miezi 3. Chakula chote kinaletwa na dume. Huyo dume anafika akiwa na matunda kooni, anatua mti wa pili, anatazama chini, anakuona. Haendi. Anahamia tawi lingine, anatazama tena. Wewe unaona picha safi ya dume aliyetulia. Ndani ya shimo kuna wanaosubiri. Dalili ya kwamba umekaribia mno ni hiyohiyo: mzazi mwenye chakula mdomoni au kooni asiyeingia. Ukiiona, rudi nyuma mpaka aingie, na kama haingii, ondoka.

Na shimo hilo mara nyingi limo kwenye mti uliozeeka au uliokufa ukiwa umesimama, ambao wasiojua huuona kuni zilizochelewa kukatwa. Kigong'ota huchonga humo, na wakazi wengine hurithi.

"Orodha yangu haina maana, mimi si mtaalamu"

Sensa ya ndege ya Krismasi ilianza Amerika ya Kaskazini mwaka 1900 na watu 27 waliojitolea, na kumbukumbu zake bado zinatumika kupima ongezeko na upungufu wa ndege. Jukwaa la mtandaoni la eBird lilianza mwaka 2002, na tangu 2010 limekuwa likipokea orodha za watu wa kawaida kutoka kila pembe ya dunia. Orodha yenye thamani ni ile inayotaja tarehe, muda uliotumia, na ndege wote uliowatambua, wakiwemo wale wa kawaida ambao hakuna anayejisumbua kuwaandika. Ndege aliyesikika bila kuonekana anahesabika pia. Msituni wengi huandikwa hivyo.

Ila kuna kitu kimoja cha kuficha. Simu nyingi, na baadhi ya kamera, huandika mahali hasa picha ilipopigwa ndani ya faili lenyewe. eBird huficha maeneo ya spishi zinazowindwa au kusumbuliwa sana. Picha unayomtumia mtu moja kwa moja haina kinga hiyo. Ikiwa ni kiota, bundi aliyelala mchana, au ndege anayetafutwa na wafanyabiashara, zima kipengele cha mahali kabla hujapiga, au kifute kabla hujatuma, na usitaje njia wala mti.