Doom ya PlayStation kutofautiana na ya kompyuta si dalili ya CD feki

Kwenye magrupu ya WhatsApp ya wapenda gemu Kigoma bado unazunguka ujumbe huu kuhusu Doom, gemu la kupiga risasi mashetani: Doom ya PlayStation ni ile ile ya kompyuta, ukiona tofauti CD yako feki.

Si kweli. Ya kompyuta ilitoka 1993, ikihitaji memori ya MB 4. PlayStation ya kwanza, mashine ya gemu iliyopata yake 1995, ina MB 2 tu za memori kuu. Ndiyo maana ramani kadhaa zilipunguzwa. Taa za rangi, zinazopendeza kweli, ziliongezwa.

Anzisha hatua ya kwanza kwenye kila mashine, usikilize: kompyuta inapiga roki ya mbio, PlayStation mvumo mzito wa kutisha. Jina na chumba cha kuanzia havitofautiani, ndipo watu wanapochanganyikiwa.

Wauza CD wa mtaa wa Mwanga, hapa Kigoma, wanaitwa matapeli bure. Tafadhali, ukitumiwa ujumbe huo usiusambaze.