Kuuza Impreza ya Turbo Iliyobadilishwa Kidogo: Dhana Potofu na Ukweli

Niliuza Subaru Impreza WRX yangu ya 2006 hapa Nairobi, gari nililokuwa nimeliwekea ekzosi kubwa, springi fupi na vali ya kutoa hewa ya turbo nje. Kabla ya kumpata mnunuzi nilipewa ushauri wa kila namna, na mwingi ungenitia hasara.

"Ulichotumia kuibadilisha utakirudisha kwenye bei." Hurudishi. Mnunuzi analipia injini nzima, bodi isiyogongwa na gari lililo karibu na lilivyotoka kiwandani. Kenya hairuhusu kuagiza gari lililozidi miaka 8, na umbo hilo la Impreza lilikoma kutengenezwa mwaka 2007. Hakuna meli itakayotuletea nyingine. Kwa hiyo zilizobaki na vifaa vyake vya asili ndizo zinazotafutwa. Mimi nilikuwa nimeweka sailensa na springi za kiwandani stoo. Nikazirudisha, vile vingine nikaviuza kando.

"Vali ya kutoa hewa nje inaongeza nguvu." Huu ni ule mlio wa "pshii" unapoachia pedeli ya mafuta. Katika WRX kompyuta ya injini huipima hewa kabla haijafika kwenye turbo, na hupanga petroli kulingana nayo. Hewa hiyo ikimwagwa nje, petroli inazidi kwa muda mfupi kila unapobadilisha gia. Vali ya kiwandani huirudisha ndani. Tangu Colin McRae ashinde Safari Rally ya 1997 na Impreza, wengi wetu tunaipenda sauti ya gari hili, nami nikiwemo, lakini mnunuzi makini akisikia "pshii" anawaza jinsi gari lilivyokuwa likikimbizwa.

"Kilomita chache kwenye dashibodi zinatosha kuthibitisha injini ni nzima." Hapa ndipo watu wengi hukosea. Mnunuzi wangu alifika na fundi wake saa moja asubuhi. Kabla hata ya salamu kwisha, fundi aliweka kiganja juu ya boneti. Alitaka injini baridi, kwa sababu iliyopashwa moto mapema huficha kelele. Akasikiliza inavyowaka, akatazama moshi kama una rangi ya buluu, dalili ya oili inayoungua. Ilipopata moto, akaanza kufungua plagi. Kwenye injini hii silinda zimelala ubavuni, mkono haupiti vizuri kati ya injini na fremu, kwa hiyo kazi ilichukua muda. Akapima mgandamizo wa silinda moja moja. EJ20, ambayo ndiyo injini ya gari hili, yenye cc 1994, inajulikana kwa pistoni kupasuka kwenye kingo za ringi, hasa presha ya turbo ikiongezwa ovyo, na mafundi huikazia macho silinda ya nne. Namba zote nne zilikaribiana. Nikamwonyesha na risiti za oili, na mnunuzi hakuuliza tena habari za kilomita.

"Usitaje ulichobadilisha, utashushiwa bei." Bei hushuka zaidi mnunuzi akigundua mwenyewe. Kompyuta ya gari langu ilipangwa upya ili iendane na petroli ya vituo vyetu, ambayo oktani yake (uwezo wa kuhimili mgandamizo bila kujilipukia) iko chini ya ile ya daraja la juu ya Japani. Nililieleza jambo hilo kwenye simu ya kwanza, pamoja na karatasi ya fundi aliyeifanya kazi. Likawa sababu ya yeye kuja.

"Pesa zikiingia, biashara imekwisha." Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki kinamchukulia aliyesajiliwa kuwa ndiye mmiliki mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mnunuzi akigonga mtu kesho, jina litakalotafutwa ni lako. Usimwachie logibuku (hati ya usajili wa gari) kwa ahadi ya "nitabadilisha baadaye". Uhamisho wa umiliki huanzishwa na muuzaji kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha mnunuzi anaukubali. Sisi tuliufanya tukiwa tumekaa ndani ya gari lenyewe, kila mtu na simu yake, naye akaukubali kabla sijamkabidhi ufunguo wa pili.