Unatafuta testa wa apu ya watu wachache? Anza na mwenye daftari

Vijana wanaotengeneza apu hapa Tanga huwa wananiuliza nitapata wapi watu wa kuijaribu, na ukimchimba kidogo unakuta ameshaituma kwa washkaji zake wa chuo, wamemjibu "kali sana bro", na habari imeishia hapo. Kwa apu ya kuagiza chipsi sawa, chipsi kila mtu anakula. Ila kama kitu chako ni cha kazi ya watu wachache, mshkaji hana la kukwambia, hajui hata nzuri inatakiwa iweje.

Mi natengeneza programu ya hesabu za vyombo vya uvuvi. Kwa asiyejua, chombo kikirudi mzigo unanadiwa mwaloni, Deep Sea au Sahare, karani anaandika mauzo, anatoa gharama kwanza, mafuta, chakula, ushuru, kinachobaki ndio kinagawanywa kati ya tajiri mwenye chombo na mabaharia, wengine nusu kwa nusu, wengine injini nayo ina fungu lake kama mtu, halafu kuna baharia aliyechukua advansi juzi anatakiwa akatwe, kuna aliyeumwa siku mbili. Hapo ndipo maneno yanapoanzia. Watu wanaofanya hesabu hii mji mzima ni wachache na hawako kwenye magrupu yoyote ya Telegram.

Sasa nani wa kuanza naye? Usimtafute mwenye simu kali wala kijana anayependa mambo ya teknolojia, mtafute yule ambaye shida imeshamchosha mpaka kajitengenezea dawa yake mwenyewe. Kuna profesa wa MIT, Eric von Hippel, aliandika tangu 1986 kuhusu watumiaji wanaotangulia, wale wanaoisikia shida kabla ya wenzao na mara nyingi wameshaanza kuitatua kivyao. Mwaloni huyo unamtambua kwa daftari. Karani mmoja ninayefanya naye kazi ana kaunta buku, kila baharia ana ukurasa wake umekunjwa ncha, advansi kwa kalamu nyekundu, mauzo kwa bluu, na nyuma kabisa kabandika kikaratasi cha mgao wa kila chombo anachokisimamia manake matajiri wanatofautiana. Huyo ukimpa programu mbovu anakwambia ni mbovu saa hiyo hiyo, na anakuonyesha kwa kidole ilipokosea.

Kwa hiyo ukienda usimuulize mtu "hii ungeitumia?", atakujibu ndiyo kwa heshima tu, sisi watu wa pwani kumkatalia mgeni usoni ni kazi. Mwambie "mzee wangu, nionyeshe mlivyofunga hesabu ya giza lililopita", giza ni zile siku za mwezi zisizo na mbalamwezi, ndizo za kuvua. Akikwambia iko kichwani, mshukuru, kunywa naye kahawa, ondoka. Shida haijamuuma bado.

Muda nao una mambo yake. Vyombo vya dagaa vinavua usiku kwa taa, mbalamwezi ikiwa kali samaki hawakusanyiki kwenye taa, basi vyombo vinapaki, watu wanashona nyavu na hesabu zinafungwa. Ukimfuata karani giza limekolea, saa moja asubuhi mnada umechangamka, unamkera tu. Mfuate mbalamwezi, mkae, umfundishe, halafu giza likiingia ajaribu kwenye kazi ya kweli. Kila kazi ina mbalamwezi yake, ya walimu ni likizo, ya maduka sijui ni lini lakini mwenye duka anajua, muulize.

Na hapa ndipo sharti la Google linapogongana na bahari. Ukifungua akaunti binafsi ya developa (zile zilizofunguliwa baada ya 13 Novemba 2023), kabla ya kuiweka apu Play Store kwa umma lazima uwe na matesta angalau 12 waliojiunga na jaribio la kufungwa (closed testing) kwa siku 14 mfululizo, mwanzo walikuwa wanataka 20 wakapunguza Desemba 2024. Siku 14 ni nusu ya mwezi wa angani, ukizianzisha mbalamwezi inaingia unaweza kuzimaliza karani hajaandika hata safari moja ya maana. Anzisha giza linapoanza, na kwa faida yako mwenyewe, siyo ya Google, acha jaribio liende mwezi mzima upate na siku ya kugawana.

Wengi wakiona hiyo namba wanakimbilia magrupu ya kubadilishana, nijaribie nikujaribie. Hao ni waja leo waondoka leo, wanafungua apu mara moja, wanapiga picha ya skrini, wamemaliza. Usije ukawahesabu kama watumiaji halafu ukajisifia kwa mtu anayetaka kukupa mtaji.

Kingine ambacho hakuna anayekwambia ni Gmail. Jaribio la kufungwa linataka anwani ya testa iwe kwenye orodha yako, na makarani wengi akaunti ya simu walifunguliwa na kijana wa dukani siku waliponunua, hawaijui. Usimtume akakuletee. Kaa naye, fungua Play Store, gusa ile picha ya kona ya juu kulia, anwani iko pale, nakili.

Kuhusu posho nina msimamo mkali kidogo. Vijiji vya pwani vimepitiwa na semina nyingi na ukikusanya watu kumi tu wanauliza bahasha iko wapi, nami siwalaumu, muda wao ni hela. Lakini ukilipa posho utapata wahudhuriaji wazuri sana wanaosifia kila kitu. Mi nawapa bando, basi, ili kujaribu apu kusimle hela yake, na kama kuna siku amekaa na mimi mpaka mchana chakula ni juu yangu.

Utakayoipata bure kabisa ni hofu. Ukitokea mwaloni na laptopu unauliza mauzo, jibu la kwanza kichwani mwa kila mtu ni huyu wa ushuru. Pitia kwanza kwa viongozi wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi wenyewe cha kusimamia uvuvi na mwalo, jitambulishe, sema wazi hesabu zinakaa wapi na nani anaziona. Na siyo adabu tu, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, majina na madeni ya mabaharia ni taarifa zao, testa wako kukubali haimaanishi na wao wamekubali. Ndio maana kwenye majaribio natumia majina ya utani, na bahati nzuri mwaloni kila mtu analo.

Ukishampata, mpe kazi na unyamaze. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu, aliandika mwaka 2000 kwamba watumiaji 5 wanatosha kuibua matatizo mengi ya matumizi, ila watu wanasahau kuwa alimaanisha 5 wa aina moja, mimi nina karani, tajiri na nahodha, kila mmoja anaiangalia programu kwa jicho lake, kwa hiyo natafuta wachache wa kila aina. Mezani kwangu Chumbageni vitufe vilikuwa safi kabisa. Pale mwaloni karani kavuta simu iko ndani ya mfuko wa nailoni, vidole vina maji ya chumvi, jua limepiga kioo, anagusa 7 inaingia 8, anafuta, inaingia tena. Hakusema neno. Kaitia simu mfukoni kachukua kalamu. Siku hiyo hiyo vitufe vya namba nikavifanya vikubwa, maandishi meusi kwenye nyeupe, na nikaongeza kusoma kiasi kwa sauti.

Daftari lisiachwe wakati wa jaribio, viende sambamba, na kabla ya siku ya mgao mlinganishe wawili mpaka shilingi ya mwisho, manake zikitofautiana mbele ya mabaharia atakayeitwa mwizi ni karani, siyo wewe. Mmoja aliniuliza, "mwanangu, hii ikizima chaji ninawalipa kwa nini?" Sasa hivi kila jioni programu inamtumia WhatsApp ukurasa mmoja uliopangwa kama daftari lake, naye anaunakili kwa kalamu. Kigombe wameshaniuliza nitaenda lini, lakini nasikia kule mgao wa madema, ile mitego ya samaki, una hesabu zake, kwa hiyo kwanza naenda kuangalia madaftari yao, simu itakaa begini.