Pampu na chujio la mafuta: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mtu anayetaka kubadilisha pampu ya mafuta nyumbani huwa ameshaonywa na kila jirani, lakini maonyo mengi yanalenga pasipo na hatari. Anaambiwa aogope umeme wa pampu iliyo ndani ya tangi, ambao haumdhuru, na hakuna anayemtajia mvuke unaotambaa sakafuni hadi kwenye jiko la chumba cha pili. Anaambiwa pampu imekufa, kumbe waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, umeoza. Kazi yenyewe haitaki nguvu nyingi wala zana za ajabu. Inataka mtu ajue cha kupima na cha kuogopa, na hapo ndipo dhana potofu huleta hasara, na wakati mwingine moto.

"Gari limekataa kuwaka, basi pampu imekufa"

Kwa maoni yangu hakuna dhana inayonunulisha watu spea bure kuliko hii. Pampu ya umeme inategemea fyuzi, rilei (swichi ndogo inayowashwa kwa umeme), waya unaoleta umeme, waya wa ethi na amri ya kompyuta ya injini. Kimoja kikikatika, pampu nzima hunyamaza kana kwamba imeungua. Sensa ya kranki, inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka, ikiharibika, kompyuta haioni injini ikizunguka, kwa hiyo inakata umeme wa pampu. Baadhi ya magari yana swichi ya usalama inayokata mafuta gari linapogongwa, na shimo kubwa barabarani linaweza kuifyatua.

Anza na sikio. Washa swichi bila kupiga stata. Katika magari mengi ya petroli pampu hunguruma kwa takriban sekunde 2, kisha hutulia. Usiposikia kitu, kagua fyuzi, halafu badilishana rilei na nyingine ya aina ile ile iliyomo kwenye boksi hilo hilo. Ukisikia mngurumo bado hujamaliza, kwa sababu pampu iliyochoka huzunguka vizuri tu bila kufikisha presha. Hapo inahitajika geji ya presha. Injini ya petroli ambayo nozeli zake zinapuliza kwenye njia ya hewa kabla ya silinda kwa kawaida hutaka bar 3 hadi 4, ilhali ile ya kabureta haifiki hata bar 1. Namba kamili ya gari lako imo kwenye kitabu chake cha ufundi, na hiyo ndiyo ya kufuata.

Multimita nayo hupotosha ikitumiwa nusunusu. Fundi anachomoa plagi ya pampu, anaona volti 12, anatangaza kwamba umeme upo na pampu ni mbovu. Lakini mita haivuti mkondo wa maana. Waya uliobakiwa na nyuzi chache nzima utaonyesha volti 12 bila shida, kisha pampu ikidai ampea 5 au zaidi, volti zinaporomoka. Pima plagi ikiwa imechomekwa na pampu inazunguka, ulinganishe na volti za betri wakati huo huo. Pengo likizidi volti moja hivi, safisha ethi na ufuatilie waya kabla ya kununua chochote. Kuna magari ambayo kidhibiti hupunguza umeme wa pampu kwa makusudi. Kwa hayo, rudi kwenye kitabu.

"Umeme ndani ya petroli ni bomu"

Petroli ikiwa kimiminika haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake ukichanganyika na hewa kwa kiwango maalumu, takriban asilimia 1.4 hadi 7.6. Ndani ya tangi lililofungwa, mvuke kwa kawaida umejaa kupita kiwango hicho na hewa haitoshi. Zaidi ya hayo, mota ya pampu imebuniwa ifanye kazi ikiwa imezama kwenye mafuta, na mafuta hayo ndiyo yanayoipoza na kuilainisha.

Mambo yanageuka pale unapofungua kifuniko cha tangi. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne. Haupandi juu ukapotea. Unashuka, unatandaa sakafuni, unaingia kwenye shimo la gereji na kusafiri mbali kuliko unavyodhani. Kwa hiyo fanyia kazi nje, penye upepo, mbali na jiko, hita, sigara na mashine ya kusaga chuma. Tumia tochi ya LED, kwa kuwa balbu ya kawaida ikipasuka waya wake wa moto unatosha kuwasha. Ondoa terminali hasi ya betri kabla ya kufungua tangi, na usiirudishe mpaka tangi limefungwa. Gusa bodi ya gari kwa mkono mtupu ili kumwaga umeme tuli wa mwilini. Weka karibu kizimamoto cha poda au povu. Maji hayasaidii, maana petroli inaelea juu yake na moto unasambaa.

Hapo hapo kuna dhana pacha, kwamba tangi lililo karibu tupu halina hatari. Ni kweli tangi linatakiwa liwe na robo au pungufu unapolifungua, lakini sababu ni mafuta yasifurike na tangi lisiwe zito kama unalishusha. Kuhusu moto, tangi tupu lenye mvuke na hewa ni baya kuliko lililojaa. Ndiyo maana mtu hapaswi kamwe kuchomelea tangi kwa kujiambia kwamba "mafuta yameisha".

Na yule anayetoa mafuta kwa kuyanyonya kwa mdomo kupitia mpira anacheza na mapafu yake. Matone machache ya petroli yakipita njia ya hewa yanaweza kuleta uvimbe mkali wa mapafu. Aliyemeza asilazimishwe kutapika. Apelekwe hospitali. Pampu ya mkono ya kuhamishia mafuta inamaliza suala hili kabisa.

"Nikizima injini, presha inaisha"

Haiishi. Mfumo wa sindano, yaani wa kupuliza mafuta kwa nozeli, umewekewa vali ya kuzuia mafuta yasirudi nyuma, ili gari liwake haraka asubuhi. Ukikata bomba kwa pupa, petroli inaruka usoni. Toa fyuzi au rilei ya pampu, washa injini, iache ijizime yenyewe, kisha piga stata sekunde chache zaidi. Hata hivyo, funika kiungo kwa kitambaa na vaa miwani unapokilegeza. Kwa injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na kwa dizeli za komoni reli (ambazo nozeli zote hulishwa na bomba moja la presha kubwa), usiguse upande wa presha kubwa. Presha yake huhesabiwa kwa mamia ya bar, na kwenye dizeli inaweza kuzidi 2,000. Mchirizi mwembamba kama sindano hupenya ngozi, na jeraha la namna hiyo ni la kukimbizwa kwa daktari wa upasuaji hata kama linaonekana dogo.

"Tangi likishuka, pampu inavuta uchafu wa chini"

Wengi husimulia hivi kwa nia njema. Lakini mdomo wa pampu uko chini ya tangi siku zote, tangi likiwa limejaa au limebaki lita 5. Uchafu wa chini unavutwa kila siku, na chujio la wavu lililo mdomoni mwa pampu limewekwa kwa ajili hiyo. Ubaya wa kuendesha gari huku taa ya mafuta ikiwaka ni joto: mafuta machache yanapata moto haraka, na kwenye kona au mlima pampu inaweza kumeza hewa na kuzunguka bila kilainisho. Pampu nyingi za sasa zimekaa ndani ya kikombe kinachojazwa muda wote, kwa hiyo siku moja ya namna hiyo haiiui. Mazoea ndiyo yanayoimaliza.

Sababu hiyo hiyo inakataza kuijaribu pampu mpya mezani ikiwa kavu. Unaichakaza kabla haijafanya kazi, na ikiwa kuna mvuke karibu, cheche za waya zinatosha.

"Chujio ni zima mradi gari linatembea"

Chujio lililoanza kuziba halizuii gari kuwaka. Gari linasimama vizuri kwenye taa, linatembea vizuri mjini, kisha likipewa mlima na mzigo linapoteza nguvu na kumisi. Wakati huo pampu inasukuma dhidi ya kizuizi na kupata joto. Nimeona pampu mpya zikifungwa nyuma ya chujio la zamani lililojaa matope mekundu, halafu watu wakalaumu spea. Kama gari lako lina chujio la nje, libadilishe pamoja na pampu na uelekeze mshale wake kule injini iliko. Magari mengi ya sasa hayana chujio la nje, limo ndani ya mkusanyiko wa pampu, kwa hiyo usilitafute chini ya gari siku nzima.

Pampu kubwa zaidi kuongeza nguvu? Hapana. Kidhibiti cha presha kinarudisha ziada kwenye tangi, na kompyuta ndiyo inayopima kiasi cha kupuliza.

Kwenye dizeli kuna desturi ya kujaza chujio jipya mafuta kabla ya kulifunga ili gari liwake upesi. Mafuta hayo hayajachujwa, na yakimiminwa kwenye tundu la katikati, ambalo kwa kawaida ni la kutokea, uchafu unakwenda moja kwa moja kwenye pampu ya presha na nozeli. Funga chujio likiwa tupu, tumia pampu ya mkono ya kutolea hewa, na uvumilie.

"Oringi ya zamani bado nzima, na likiwaka kazi imeisha"

Futa vumbi lote juu ya kifuniko kabla ya kukifungua, la sivyo litaangukia ndani. Pete ya kufungia igonge kwa shaba au mbao, si kwa patasi ya chuma. Toa pampu kwa kuiinamisha taratibu, maana mkono wa boya la geji ya mafuta hukwama ukingoni, na ukipinda geji itasoma uongo daima. Kisha tazama oringi, ile pete ya mpira inayoziba kifuniko: imevimba, na ukijaribu kuirudisha kwenye mfereji wake inazidi urefu. Tupa, weka mpya. Bomba la mpira la ndani ya tangi nalo liwe la kuzama kwenye mafuta, lenye alama ya SAE J30R10, kwa sababu mpira wa kawaida wa mafuta unalainika kwa nje na kupasuka.

Ukishafunga na kurudisha betri, washa swichi na kuizima mara kadhaa bila stata, ukague kila kiungo kikiwa kikavu. Halafu jaza tangi mpaka juu na unuse tena kesho yake, kwa sababu kifuniko kinachovuja hakionyeshi kitu mpaka mafuta yaifikie oringi.